Bango Lako la Bunda

Nyangeta, mama,

Kesho asubuhi unapanda gari la Bunda, na mimi nimeamua kuandika, kwa sababu mdomo wangu ukikaa mbele yako unaanza kuchekesha watu. Karatasi haicheki. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga kufuli vizuri na kutoazimisha jiko lako la gesi, mama yako ameshayasema tangu juzi na hata sasa anayasema huko chumbani, namsikia. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, ila nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia, unanijua.

Jambo lenyewe ni kwamba nina wivu na wewe.

Usicheke. Sio ule wivu wa jirani kununua TV kubwa kuliko sebule yake. Ni wivu wa fundi kwa fundi, na umenikaa hapa chini ya kifua kama ugali wa muhogo ulioliwa kwa haraka. Ningekuwa nimemuonea mtu wa Mwanza huko ningevumilia. Lakini kumuonea mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuosha brashi! Hata kwenye bia siwezi kulisema, watanicheka mpaka Krismasi.

Jumapili ulikuja ukasimama mlangoni ukasema, "Baba, nimepata fremu ya duka Bunda, karibu na stendi. Naomba uniandikie bango." Nikakujibu vizuri kabisa, kwamba nitaandika, tena kwa rangi yangu, na litasomeka MAGESA ARTS, TAWI LA BUNDA. Ukachukua kitenge, ukakikunja, ukakikunjua, ukakikunja tena, ukasema, "Basi baba, acha." Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji. Shikamoo, marahaba, imeisha hiyo. Kesho unakwenda kufungua biashara ya uchoraji na mlango wako hauna hata herufi moja. Mtoto wa Fundi Magesa! Ni kama mtoto wa mvuvi aende sokoni akanunue dagaa wa kisado.

Naomba kwanza nijisifu, maana kuanzia kesho hutakuwepo wa kunisikiliza na mama yako alishachoka zamani. Mimi nilitoka Suguti na nusu ya kidato cha kwanza. Nusu nyingine waliobaki darasani ndio wanaijua. Kitu cha kwanza kuchora maishani mwangu kilikuwa furu, yule samaki mdogo ambaye watu wanamdharau, nilimchora kwa mkaa kwenye ubavu wa mtumbwi wa baba. Babu yako akanichapa kwa kuuchafua mtumbwi. Kabla matako hayajapoa, jirani yake akaja kuuliza kama naweza kumchafulia na wa kwake. Biashara ilianza hivyo. Mpaka leo furu ndio saini yangu, kila kazi, kona ya chini kulia, rangi ya bluu. Tembea Nyakato nzima uone. Tembea Bweri. Kuna wakati nikitaka kujua nimeishije hapa mjini Musoma natoka tu kwa miguu, najisoma ukutani.

Na nimetembea. Nimefika Mwanza, nimefika Kisumu, nimefika Kampala. Kampala niliandika saluni kwa Kiingereza ambacho mpaka leo sijui kilisema nini, lakini mwenye saluni alitoa machozi ya furaha. Hizi herufi zangu, mama, nani anazo? Haya mabango ya kuprinti yamejaa kila mahali, sawa, herufi zake zimenyooka, lakini zimefanana kama watoto wa shule mstarini. Herufi yangu ya M unaijua hata ukiwa umelewa. Hata wewe, pamoja na yote nitakayoyasema hapa chini, herufi zako bado zinayumba. S yako inaelekea kuanguka. Nimesema hilo mapema ili nijisikie vizuri.

Haya. Sasa hiyo kazi unayoikimbilia.

Ukiwa peke yako kwenye biashara, wewe ndiye bosi, wewe ndiye karani, wewe ndiye mlinzi, na wewe ndiye yule mfanyakazi anayechelewaga. Ukiugua, kampuni nzima imelazwa. Hakuna wa kumlaumu, na mimi nilimtafuta sana. Asubuhi nyingine unafungua, unapanga makopo, unafuta vumbi, unakaa. Mtu anaingia, moyo unaruka, kumbe anauliza njia ya kwenda kituo cha afya. Siku za hivyo nilikuwaga natoka nje napaka rangi upya bango langu mwenyewe, ili wapita njia wajue mkono bado unafanya kazi. Lile bango lina ngozi nene kuliko kiboko.

Halafu kuna mteja wa kiti. Huyu anakuwekea kiti nyuma yako, anakaa, anakutazama mgongo. Baada ya muda anasema, "Fundi, hapo pembeni si uongeze na soda?" Ukichora soda, anataka mkono ulioshika soda. Ukichora mkono, anataka na saa. Mimi nilikuwa nakubali yote, nikidhani kukubali ndio biashara. Uliwahi kuniuliza kwa nini pale Bweri kuna ukuta wenye mkono umevaa saa, pete na bangili, na ndani wanauza mbolea. Nilikudanganya kwamba ni mtindo. Ni kiti, mama. Ni yule mtu wa kiti.

Lakini kosa langu kubwa sio hilo. Kosa langu ni kupamba. Toka nianze, kitu nikikiona hakijanitosha, nakiongezea. Mwanamke mwembamba namnenepesha kidogo, nyumba ya bati la kutu naiezeka upya kwa brashi. Watu wanafurahi, mimi nafurahi zaidi. Unakumbuka yule mama wa mgahawa Bunda, Mama Sabina, aliyetaka sato ukutani? Nilimchorea sato ambaye ziwa lote halijawahi kumzaa. Mkia umetoka nje ya sahani upande huu, kichwa kimetoka upande ule, na mvuke juu, na ndimu imekaa kama malaika. Nikaweka furu wangu kwenye kona, nikaondoka nikipiga mluzi.

Niliporudi siku nyingine kula, Mama Sabina alinipokea na mwiko mkononi.

"Fundi, njoo hapa. Huyu samaki wako ananiua."

"Anakuua vipi, mama? Si anavutia watu?"

"Anawavuta! Wanaingia, wanaonyesha ukutani, wanasema niletee kama yule. Nikileta wa kwangu wanauliza mtoto huyu mama yake yuko wapi!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alining'oa kwenye kiti akanipa chai bila kitafunwa, akasema hiyo ndiyo saizi yangu. Nikaenda kuwahadithia watu Musoma kama kichekesho, na wewe ulikuwepo, ulikuwa unasaga chaki, ukainua uso ukauliza, "Sasa baba, kwa nini hukumchora yule aliyekuwa kwenye sahani?" Nikakwambia nyamaza, saga chaki. Nilidhani ni swali la kitoto. Lilikuwa limenichoma kidogo tu, kama mwiba wa samaki ningu, ule mdogo ambao huuoni ila ukimeza mate unaujua.

Wivu wangu ulianzia hapo, ukitaka kujua. Haukuanzia Butiama kama mama yako anavyosema. Butiama uliota meno.

Ile safari ya Mzee Wambura wewe ulikuwepo na unaikumbuka kwa upande wako. Acha na mimi niiseme kwa upande wangu, maana hatujawahi kuizungumza.

Mzee aliniita mimi. Naomba hilo liandikwe. Alikuwa amejenga nyumba mpya pale kijijini nyuma ya Butiama, na ukuta unaotazama shamba aliuacha mtupu makusudi. Alitaka wachorwe maksai wake wawili, Sajenti na Dereva, waliolima naye pamba na mahindi miaka yote mpaka alipowauza wakati mkewe amelazwa. Mke alipona. Maksai hawakurudi. Picha yao hakuna, nani alikuwa anapiga ng'ombe picha? Alikuwa nao kichwani tu. Akasema, "Fundi, nataka nikitoka asubuhi na mswaki wangu niwaone."

Mimi mtoto wa ziwani nikasema hakuna shida, ng'ombe ni ng'ombe. Kutwa nzima nikachora. Nikawaweka wanatutazama sisi, vichwa juu kama wanapigwa picha ya pasipoti. Nundu kama milima. Shingo nene. Na kwa kuwa nilitaka mzee ajisikie mtu mkubwa, huko chini nyuma nikawajalia kila kitu ambacho dume anatakiwa awe nacho, tena kwa ukarimu.

Mzee akaja, akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, akabaki chini.

"Fundi."

"Naam, mzee wangu."

"Hawa nani?"

"Sajenti na Dereva, mzee!"

"Hapana. Hawa ni madume. Maksai wangu niliwahasi mimi mwenyewe, na kisu ninacho. Wewe umewarudishia."

Mke wake aliyekuwa anaanika mtama akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Wewe uligeukia kopo la rangi ukajifanya unakoroga. Niliona mgongo wako unacheka, Nyangeta. Niliuona.

Nikamwambia mzee hilo ni dogo, nafuta, dakika tu. Akasema sio hilo peke yake. Akasema Dereva hajawahi kukaa upande ule toka afungwe nira, na ukimbadilishia upande halimi, anasimama tu. Akasema hawajui hawa ng'ombe wanaomkodolea macho. Mimi nikapandwa na joto. Nikasema, kwa ule utani wangu wa kujiokoa, "Basi mzee, kama mimi sijui ng'ombe, mpe huyu binti achore. Mama yake ni mtu wa huku huku." Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikutazama akasema, "Haya mjukuu wangu, njoo."

Na wewe hukukimbilia brashi. Hilo ndilo linaniuma mpaka sasa, kwamba hukuwa hata na haraka. Ulijifuta mikono, ukamuuliza, "Babu, ulikuwa unawaonaga kutokea wapi?"

Mzee akashangaa. "Kutokea wapi vipi?"

"Ukiwa nao kazini. Wewe unakuwa umesimama wapi?"

"Nyuma. Mwenye plau si anakaa nyuma."

"Kwa hiyo ulikuwa unaona mgongo."

"Mgongo, masikio, na mkia wa Sajenti ukinipiga usoni," akasema, na sauti yake ikabadilika. Ukamuuliza nani alikuwa anatembea kwenye mtaro uliokwisha kulimwa. Dereva, upande wa kulia. Ukamuuliza, basi si alikuwa anaonekana chini kidogo ya mwenzake? Mzee akakaa kwenye jiwe. Akaanza kusema vitu ambavyo mimi, niliyekaa naye tangu jana yake nikimpigia hadithi za Kampala, sikuwa nimevisikia. Sikio la Dereva lenye pengo. Sajenti anavyogeuza kichwa kidogo kushoto akisikia mluzi. Mimi nilikuwa nimeongea, mama. Siku mbili nzima nilikuwa naongea mimi.

Ukapaka chokaa juu ya madume yangu. Niliona nundu zangu zinazama kwenye weupe, moja, halafu nyingine. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikajifanya nanywa chai. Kikombe kilikuwa kimekwisha zamani, nikaendelea kukipeleka mdomoni.

Ukawachora kwa nyuma. Makalio, mikia, nira imelala upande kwa sababu mmoja yuko mtaroni. Nilikuwa nasema moyoni, nani anachora makalio ya ng'ombe kwenye nyumba ya mtu? Atatufukuza. Na hukuongeza kitu hata kimoja. Sajenti ulimpa mbavu zinazoonekana, na ulipomaliza nilitaka kunyanyuka nimjaze nyama, mkono uliniwasha kweli.

Mzee alitoka, akatazama, akarudi ndani. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, iandike hiyo. Nikajua tumelingana, wote wawili tumeshindwa.

Akatoka ameshika fimbo yake ya kulimia. Akaenda akasimama kule nyuma yao, pale pale mtu wa plau anaposimama, miguu imepanuka kidogo. Akapiga mluzi mdogo. Akasema, "Dereva. Haya. Twende."

Basi. Mke wake aliacha mtama.

Nyangeta, mimi nimechora tangu babu yako ananichapa. Nimesifiwa, nimenunuliwa bia, nimeitwa profesa na watu waliokuwa wamelewa na wengine ambao hawakuwa wamelewa. Hakuna mtu aliyewahi kukiita kwa jina kitu nilichochora, akategemea kisogee. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nimeshika kikombe kitupu, na nilikuonea wivu mpaka masikio yakaziba.

Ndipo nikafanya lile nililolifanya. Mzee alipokwenda kunawa, nikachukua brashi ndogo, nikaweka furu wangu wa bluu kwenye kona ya chini kulia. Uliniona. Uliendelea kufunga makopo. Sitakudanganya kwamba mkono ulizoea tu ukaenda wenyewe. Ningeweza kusema hivyo, na kwa mtu mwingine ningesema. Nilimweka nikijua.

Mzee akarudi, macho yake yakaenda moja kwa moja pale.

"Huyu samaki anatafuta nini kwenye shamba langu?"

"Ni saini yangu, mzee. Kila kazi naweka."

"Kazi kachora nani?"

Mzee akaingiza mkono mfukoni akatoa wembe, akamkwangua furu wangu taratibu, magamba ya bluu yakaanguka kwenye udongo. Akasema, "Ng'ombe wangu hawali samaki. Binti, weka yako." Wewe hukuwa na saini. Hujawahi kuhitaji, kazi zote ulizonisaidia zilitoka na samaki wangu. Ukatazama huku na huku, ukachovya dole gumba kwenye ile kahawia iliyobaki ya ngozi ya Dereva, ukabandika. Alama ndogo tu, na mistari yake.

Mzee akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, Baba Nyangeta."

Baba Nyangeta! Nyumbani sawa, mama yako ananiita hivyo, jirani ananiita hivyo, ni heshima. Lakini kazini mimi ni Fundi Magesa. Nimelijenga hilo jina kopo kwa kopo. Na toka siku hiyo simu zinaanza hivi: "Halo, Baba Nyangeta? Binti yupo?" Mtu wa Butiama anataka ng'ombe wa baba yake aliyefariki. Mtu wa Bunda anataka ng'ombe jike wake aliyezaa mapacha. Mmoja alinipigia nikiwa juu ya ngazi, naandika bucha, herufi kubwa nyekundu, nzuri kupita kiasi, na akaniuliza mimi, niliyekuwa juu ya ngazi, kama namfahamu mchoraji mmoja wa kike wa Musoma. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Ulipochukua hiyo fremu, kwa hiyo, sikuona mtoto anayekwenda kujitegemea. Niliona Bunda inakwenda. Niliona Butiama inakwenda. Nikasema basi angalau jina liende na langu juu yake, kama nembo ya ng'ombe, ili mtu akimwona ajue wa zizi gani. Hiyo ndiyo Tawi la Bunda. Nilikwambia ni kwa ajili ya kukulinda, biashara ngeni inahitaji jina linalojulikana. Kaneno kazuri. Hata mimi nilikuwa nimeanza kukaamini.

Mama yako hakukaamini. Jana alinikuta nimekaa na chakula kimepoa, akasema, "Wewe unataka nini hasa? Afanane na wewe sura, mkono akuachie?"

Nikasema, "Nataka shukrani."

"Shukrani ya nini tena? Aliosha brashi zako tangu yuko darasa la tano. Anakwenda kufanya kazi ile ile yako. Angekwenda kusomea unesi ungejisikia vizuri?"

Nikasema ndiyo, ningejisikia vizuri sana, manesi hawachori. Akanicheka, akabeba sahani, na mlangoni akaongeza, "Angalia usije ukabaki na jina lako na kuta zako, na sisi tukahamia Bunda." Alisema kwa utani. Yule mwanamke utani wake una wembe ndani kama mfuko wa Mzee Wambura.

Kwa hiyo leo nilikwenda Nyakato, kwenye kibanda changu cha kazi. Uliniona natoka hukuuliza. Ile plaiwudi nzuri niliyokuwa nimeificha nyuma ya mabati kwa ajili ya kazi kubwa, nimeitoa. Nikapiga msasa, nikapaka nyeupe, nikangoja, nikapaka tena. Nikavuta uzi wa chaki. Na mkono wangu ukaandika, kwa mazoea ya kiburi, M, A, G. Zilikuwa nzuri, mama. Ile M ilikuwa imesimama kama mkuu wa mkoa. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, na nilichokiona ni Dereva amefungwa upande ambao sio wake. Mzuri, amenona, kichwa juu, na halimi.

Nikachukua kitambaa, nikamwaga thina, nikaanza kuzifuta. Nilipofika kwenye M nilifumba macho.

Bango lipo nje ukumbini, limeegemea ukuta, limefunikwa na lile shuka la zamani. Linasomeka NYANGETA, kwa herufi za bluu zenye kivuli chekundu, na chini yake, MCHORAJI. Sijachora ng'ombe. Nilijaribu kuwaza namna ya kumweka mmoja nikaona nitamwongezea nundu. Eneo la ng'ombe nimeliacha, utamweka mwenyewe kwa namna unayomjua, hata akiwa amekupa mgongo. Lifunge vizuri kwenye keria, mwambie kondakta asiweke gunia la mkaa juu yake, na akibisha mwambie aliyeliandika anamjua mama yake mzazi.

Mama Sabina nimempigia. Anataka ukuta wake upakwe upya, amechoka kuulizwa. Nimemwambia nina fundi hapo hapo stendi. Mchoree sato wake wa kwenye sahani, saizi yake. Mwambie chai ya bila kitafunwa alinipa mimi, wewe asikuletee ujinga. Na yule wa mapacha, na yule wa ng'ombe wa marehemu, namba zao nitakurushia kwenye simu kesho kabla sijabadili mawazo. Fanya haraka kuzihifadhi.

Usidhani wivu umekwisha. Nikikuona unafanikiwa utaniuma, na nikisikia umekosa kazi utaniuma zaidi, kwa hiyo sioni nitapumzika lini. Utakaa siku hizo za kufungua na kutoingia mtu, na hutakuwa na bango nene la kupaka upya. Siku za hivyo nipigie. Sitakufariji, sijui kufariji. Nitakutukania wateja wa Musoma mpaka ucheke. Na siku nyingine itakupita bodaboda, kwenye kile kikinga tope chake cha nyuma kuna kitu ulichokichora ukakisahau, kimechakaa, kimejaa matope, na bado kinakwenda mbele yako barabarani. Mimi hilo lilinitokea juzi. Nilimkimbilia dereva nikimwita, akadhani namdai, akaongeza mwendo. Nilirudi nyumbani nimejaa vumbi na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Sasa nitakuwa na wa kumwambia, na wewe pia.

Kona ya chini kulia nimeiacha nyeupe. Furu sikumweka. Alitaka kutoka, nikaufunga mkono kwa kitambaa mpaka brashi ikakauka. Hapo weka dole gumba lako, rangi yoyote.

Ila mtu akisimama mbele ya hilo bango akauliza nani kaandika hizo herufi, umjibu haraka. Usisubiri aulize mara mbili.

Aliyekuandikia,

Baba Nyangeta